Namna ya Kuchomelea kwa Agoni Bila Kuunganisha Chochote

Hongera kwa mashine mpya. Usijaribu kuificha. Mtu aliyenunua mashine ya tigi, yaani ya kuchomelea kwa agoni, hujulikana: akipanda daladala hukaa karibu na mlango, akapitisha kidole kwenye maungio ya vyuma, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mwezi uliopita hukujua kama geti lako limechomelewa au limeota lenyewe. Leo una maoni.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, mwenye kazi ya ofisini, ua wa hatua kumi kwa nane, na imani kubwa. Hatua zote nimezipita mwenyewe, moja baada ya nyingine, na sikuruka hata moja. Nawe hutaruka.

Kwanza, pata sababu. Hakuna anayenunua mashine hii kwa kuwa anaitaka. Huo ni mwiko. Hununuliwa kwa kuwa kuna kitu kimevunjika nyumbani. Tuseme ni sufuria kubwa la pilau, mali ya kikundi cha akina mama wa mtaa, lile linalokodishwa kwenye shughuli. Limeng'oka sikio moja, na zamu ya kulitunza ni ya mama watoto. Anataka kulipeleka kwa fundi. Hapo ndipo useme, kwa sauti ya chini na bila haraka: "Liache. Nitalichomelea mwenyewe." Kisha piga hesabu ya akiba: fundi elfu tano leo, geti mwakani, kiti mwaka ule mwingine, ndani ya miaka ishirini mashine imejilipa. Hesabu hii ifanye kichwani tu. Ikiandikwa kwenye karatasi huharibika.

Pili, nunua. Kwa mkazi wa Dar es Salaam safari ni ya Kariakoo, upande wa Gerezani, kwenye maduka ya vifaa vya ufundi. Ingia umekunja uso kidogo, kama mtu anayenunua ya tatu. Uliza, "Hii orijino?" Muuzaji atajibu, "Orijino kabisa, bosi. Feki ni ile," huku akinyooshea kidole mashine pacha iliyo pembeni yake. Kesho akija mteja wa ile, kidole kitageukia hii. Atachomeka waya ukutani, feni itazunguka, naye atakutazama usoni: "Unaisikia?" Unaisikia. Jaribio limekwisha. Sasa una hakika kwamba umenunua feni.

Ubavuni imeandikwa 200 kwa tarakimu kubwa. Hizo ni ampea. Nyuma, kwa maandishi ya sisimizi, utakuta asilimia, tuseme 60: maana yake kwa nguvu hiyo kamili mashine hufanya kazi dakika 6 katika kila 10, na 4 inapumzika. Lisikuumize kichwa. Katika kila dakika 10 zako, 9 utakuwa unanoa sindano, na tutafika huko. Zipo pia herufi mbili, DC. Usiulize maana yake ukiwa dukani, kila mtu anakutazama. Zitajieleza zenyewe.

Ndani ya boksi utakuta tochi, klampu ya arthi, vikombe vitatu vya kauri, na kinyundo cha kugongea maganda. Uchomeleaji wa tigi hauna maganda. Kinyundo ni salamu kutoka kwa ule uchomeleaji mwingine, wa fimbo, anaoutumia fundi wa kona. Usikitupe. Kitahitajika hatua ya tisa.

Tatu, umeme. Waya wa mashine ni mnene na hauna plagi, au una plagi ya nchi ambayo hujawahi kuisikia. Sheria isiyoandikwa inakutaka ufunge plagi ya kawaida ya pini tatu, ile ya ampea 13, na kuichomeka pale linapochomekwa jokofu. Plagi hiyo, kwa umeme wetu wa volti 230, inabeba kama wati 3,000. Mashine ikikazwa hadi mwisho hudai zaidi ya hapo. Mwite fundi umeme akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye bodi, yenye swichi yake. Hutamwita. Utapitisha ekstensheni dirishani kutoka sebuleni, na waya utakaobaki utauacha umezungushwa kwenye kigurudumu chake. Waya uliozungushwa hukosa pa kutolea joto. Utajua kwa harufu.

Wakati huo nyumba nzima itakuwa inaitazama mita ya LUKU. Ukweli ni kwamba kwa ampea 80, zinazotosha chuma cha milimita 2, mashine inavuta kilowati moja na nusu hivi, zaidi kidogo ya pasi. Saa nzima ya moto ni uniti moja na nusu, na wewe hutatimiza saa nzima ya moto kabla ya Krismasi. Waeleze hivyo. Hawatakuelewa. Umeme ndio utakaolaumiwa, ilhali gesi ndiyo itakayokumaliza. Onyo moja tu: usiwashe wakati wa tamthilia. Taa zikipepesa mara moja, kila balbu itakayoungua mtaani kwenu mpaka Pasaka ni yako.

Nne, gesi. Hapa tukae kidogo.

Agoni iligunduliwa Uingereza mwaka 1894 na Lord Rayleigh pamoja na William Ramsay, wakaipa jina la Kigiriki lenye maana ya mvivu, kwa kuwa haikubali kuungana na kitu chochote. Karibu asilimia moja ya hewa unayoivuta ni agoni, na hiyo unaivuta bure. Ya kwenye mtungi inauzwa. Kazi yake ni kulifunika dimbwi la chuma kilichoyeyuka ili hewa isiliguse. Yaani unamlipa mvivu asimame mlangoni. Maofisini tumeajiri wengi wa namna hiyo, ila huyu angalau anazuia kweli.

Mtungi wa lita 10 uliojazwa kwa baa 150 hutoa gesi ya lita kama 1,500. Ukifungulia lita 8 kwa dakika, una saa tatu na dakika chache. Zigawe hivi: saa moja ya kujifunza, saa moja itavuja kwenye kiungio ulichokikaza kwa mkono, na iliyobaki itatoka usiku ule uliosahau kufunga valvu. Pima uvujaji kwa povu la sabuni. Hutapima mpaka mtungi wa pili.

Jirani atapita na kuuliza mbona usitumie mtungi wa jikoni, si gesi ni gesi? Mjibu kwa upole kwamba ya jikoni inawaka. Atauliza: kwani wewe si ndio unataka moto? Hapo badilisha mazungumzo, muulize habari za watoto.

Kisha kuna upepo. Agoni hupeperushwa na upepo mdogo kabisa, hata wa feni, na mshono ukikosa gesi hutoboka vitundu kama kitumbua. Kwa hiyo kaskazi ikivuma utafunga dirisha, kusi ikivuma utafunga mlango. Ukishafunga vyote viwili, kumbuka kwamba agoni ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na hujaa chumbani kuanzia chini huku ikiisukuma hewa unayoihitaji wewe. Basi fungua. Halafu upepo. Basi funga. Vitabu husema pawe na hewa ya kutosha pasipo na upepo. Waliovitunga hawakuwa wakiishi kilomita mbili kutoka baharini. Ukiona kazi yako imeanza kupendeza ghafla bila sababu yoyote, toka nje haraka.

Tano, vaa. Vazi rasmi la mchomeleaji wa nyumbani ni jezi, bukta na kandambili. Jezi ni ya poliesta; cheche ikitua huyeyuka na kung'ang'ania ngozi, iwe ya Simba au ya Yanga. Vaa pamba nzito ya mikono mirefu, viatu vya kufunika, glavu za ngozi laini, na ufunge kifungo cha juu. Fundi wa kona ana moshi wa kumkinga kidogo. Wewe huna moshi, na mwanga unakufikia wote. Usipofunga kifungo, Jumatatu utaingia ofisini na pembetatu nyekundu shingoni, waanze kukuuliza ulikwenda ufukwe gani.

Macho nayo yana sheria zake. Barakoa inayojitia giza yenyewe, namba 10 hivi, itakulinda wewe. Tatizo ni wasiovaa. Ukiwasha tu, watajitokeza watoto saba ambao hawajawahi kuonekana siku ya kuchota maji. Weka pazia zito. Wakikuambia wanatazama kwa jicho moja tu, usikubali. Anayetazama haumwi palepale. Huumwa baada ya saa sita hadi kumi na mbili, ndiyo maana mama yake atakugongea saa nane za usiku. Mtoto anahisi macho yamejaa mchanga, kumbe ni uso wa jicho ulioungua kwa mionzi ya urujuanimno. Majirani wataleta maziwa, vipande vya kiazi na majani ya chai. Mpeleke hospitali. Maziwa mtayanywa asubuhi.

Sita, safisha chuma. Fundi wa kona huchomelea juu ya kutu, juu ya rangi, wakati mwingine juu ya tope, na inashika. Tigi ina madeko. Inataka chuma king'ae kama sarafu mpya, mbele na nyuma, na mafuta yafutwe kwa asetoni. Hata skwea paipu mpya iliyotoka dukani imevaa gamba jeusi la kiwandani, nalo liondoke. Maana yake utasaga. Kati ya saa nane za Jumamosi yako, tano ni za grainda, na majirani watakaoulizwa unafanya nini watasema "anasaga", nao watakuwa sahihi.

Usisafishe kwa dawa ya breki yenye klorini: mwanga wa tigi huigeuza kuwa fosjini, gesi iliyoua askari katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Usitumie bomba la GI lililobaki kwenye ujenzi, hata kama linakusikitisha kulitazama limekaa bure. Zinki yake hutoa moshi mweupe, na jioni utatetemeka kwa homa na baridi. Utapimwa malaria. Haitaonekana. Usimlaumu mpimaji.

Saba, noa sindano. Ndani ya tochi kuna kijiti cha tungsteni, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, juu ya metali nyingine zote. Chuma cha pua huyeyuka kwenye 1,500 hivi. Kwa hiyo tungsteni haishindwi na moto. Inashindwa na mkono wako.

Inolewe kama penseli, mikwaruzo iende kwa urefu wa kijiti, si kukizunguka. Chenye alama nyekundu kina thoriamu, ambayo ni nururifu, na vumbi lake si la kuvuta. Chukua cha bluu au cha dhahabu. Weka jiwe la kunolea la peke yake, ambalo halijagusa kitu kingine. Halafu kaa, vuta barakoa, washa, na uichovye sindano kwenye dimbwi.

Mara ya kwanza utasema samahani, kana kwamba umemkanyaga mtu. Kila ikichovya ni hivi: zima, subiri gesi imalize kupuliza, fungua tochi, vunja ncha, noa, rudisha, vuta barakoa, washa. Kisha ichovye tena. Baada ya saa moja utaona haya kuwasha grainda, kwa sababu mtaa mzima umeshaelewa mlio ule una maana gani. Ukikutana na mwenye mashine mwenzako akakuuliza, "Bado unachovya?", jibu linalokubalika ni "Zamani." Usimuulize yeye. Atakujibu hivyohivyo.

Nane, choma. Ujue kwanza umeingia kwenye kazi ya akina nani. Ustadi huu ulitengenezewa ndege: Russell Meredith wa Northrop, kule California, alikuwa akitafuta njia ya kuunganisha magnesiamu isiwake, akapata hataza yake mwaka 1942, na gesi yake ilikuwa heli. Wewe una vipande viwili vya flatibaa. Kaa hata hivyo kama mtu anayeunganisha bawa.

Mkono wa kulia ushike tochi, wa kushoto utie waya, mguu ukanyage pedali ya kuongeza na kupunguza moto. Ni viungo vitatu visivyosikilizana. Fundi cherehani yeyote ameshavipatanisha, na angekuwa mwanafunzi mzuri kuliko wewe. Mashine yako haina pedali, kwa hiyo tatizo moja limepungua na mengine mawili yameongezeka. Shusha ncha ya sindano hadi ikaribie chuma kwa unene wa punje moja. Ya mchele, si ya ubwabwa. Subiri dimbwi ling'ae. Tia waya kidogo, songa, tia, songa. Pumua. Kimojawapo utakisahau, na kwa kawaida ni kupumua. Ukimaliza, usiinue tochi. Iache palepale sekunde kadhaa gesi iukinge mshono mpaka upoe. Utainua. Kila mtu huinua, anataka kuona.

Utakachokiona hakitafanana na ulichokitarajia. Mshono mzuri wa tigi hupangika kama magamba ya samaki. Wako utafanana na dagaa waliomwagika. Usivunjike moyo, katika kila nusu mita pana sentimita tatu zilizotoka sawasawa bila kujua kwa nini. Hizo ndizo za kupiga picha. Isogeze simu karibu. Karibu zaidi, kile kitobo kinaonekana. Ukitaka kufundishwa, VETA, chombo cha mafunzo ya ufundi kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 hasa kwa ajili ya watu wa namna yetu, ina kozi fupi za uchomeleaji. Hutaenda. Umeshatazama video arobaini, na yule bwana wa kwenye video hakupata shida yoyote.

Tisa, mradi wa kwanza. Usiguse sufuria. Mkono bado. Mradi wa kwanza ni kigari cha kubebea mashine. Hili halina mjadala. Sijakutana na mwenye mashine aliyeanza na kitu kingine. Mashine haiwezi kukaa chini kwenye vumbi, na mtungi sharti usimame umefungwa mnyororo, maana ukianguka valvu ikakatika hautabaki mtungi, utakuwa kombora. Kwa hiyo tengeneza kigari. Kitakuwa na magurudumu manne, na matatu yatagusa sakafu.

Kosa si lako peke yako. Tigi huenda polepole, joto linaingia jingi, na chuma kikipoa huvutika kuelekea upande wa mshono. Dawa yake ni kushikiza pembe zote kwa nukta kwanza, kupima kona kwa kona, ndipo uchomelee kwa kurukaruka upande huu na ule. Umeyasoma haya baada ya kumaliza. Basi mradi wa pili ni meza ya chuma iliyonyooka ya kutengenezea kigari kingine. Wa tatu ni rafu ya waya na vikombe. Wa nne ni grili ya dirisha la stoo, kwa kuwa ndani sasa kuna vitu vya kuibiwa. Wa tano ni kufuli la grili.

Wakati huu mama watoto ataanza kuuliza mradi huu unaingiza shilingi ngapi. Hapa lugha yenyewe iko upande wake. Kwa Kiswahili chetu mradi ni kuku wa mayai, ni juisi ya miwa, ni kitu unachoamka nacho asubuhi na jioni kikakupa hela ya mboga. Usibishane na Kiswahili. Sema mradi uko kwenye hatua za awali.

Ndipo fundi wa kona atakapopita. Ni mtu mwenye adabu. Mashine yake imesukwa mtaani, kinga yake ni miwani ya jua, na nusu ya mageti ya barabara yenu ameyatengeneza yeye, lako likiwemo. Atakizunguka kigari polepole. "Magamba mazuri, bosi." Utasema asante. Ataomba kinyundo. Ile salamu ya kwenye boksi mpe. Atagonga mara moja, si kwa nguvu, na trei ya chini itaanguka.

"Ila haijaingia," atasema, na kukurudishia kinyundo kwa mikono miwili.

Haijaingia maana yake chuma cha chini hakikuyeyuka. Waya umeupaka juu kama siagi. Ongeza ampea, punguza mwendo, kaza macho kwenye dimbwi badala ya kwenye mwanga. Atakuambia hayo yote bure, na trei ataipiga fimbo mbili, malipo ni soda. Kubali. Lakini usimwombe aijaribu tigi yako. Ataijaribu.

Kumi, sufuria. Kikundi kina shughuli Jumamosi na hutaweza kuahirisha tena. Liweke mezani, ing'arishe sehemu ya sikio, bana arthi, vuta barakoa, washa. Dimbwi halitatokea. Alumini itakaa kimya, ya kijivu, kama mtu anayekusikiliza bila kukubaliana nawe. Ongeza ampea. Bado kimya. Ongeza tena. Ghafla kipande chote kitadondoka sakafuni kama uji.

Sababu ni hii. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini imevaa ngozi nyembamba ya oksidi inayoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000. Ndani imeshakuwa maji, nje bado imesimama. Kinachoipasua ngozi hiyo ni umeme wa kwenda na kurudi. Mashine yako hutoa umeme wa kwenda tu. Zile herufi mbili ndizo zilizokuwa zikikueleza jambo hili tangu Gerezani, ulipoona haya kuuliza. Mashine yenye umeme wa namna zote mbili ipo, bei yake ni mara kadhaa ya hii, na muuzaji ni yuleyule. Ile nayo ni orijino.

Usiende kwanza. Leo ni Ijumaa. Fundi wa masufuria hupita mtaani kwenu asubuhi na mapema; utamsikia kabla hujamwona, anagonga bati kwa fimbo. Mwite kabla mama watoto hajamwita. Ana nyundo, koleo, kipande cha reli na kopo la ribiti. Atatazama sufuria, atakutazama wewe, atatazama kigari chenye mashine na mtungi uliofungwa mnyororo, wala hatauliza kitu. Atakata kiraka, atatoboa, atapiga ribiti. Robo saa hivi. Bei ni elfu saba: tano ya sikio, mbili ya tundu.